Ngumi Iliyoficha Pengo: Kisa cha Kiwiko cha Mrusha Mkuki

Ripoti yangu ya kwanza kuhusu kiwiko hiki ilikuwa na kosa, na naiweka hapa kama nilivyoiandika: "Ligamenti ya ndani imenenepa, haijachanika. Kiungo hakijalegea. Misuli ya kukunja kiganja imevutika kiasi." (Ligamenti ni kamba inayofunga mfupa kwa mfupa.) Siku 16 baadaye niliandika ripoti nyingine iliyoipinga karibu neno kwa neno. Kiwiko kilekile, mashine ileile ya altrasaundi, inayochora picha kwa mwangwi wa sauti, mpimaji mimi yuleyule. Kilichobadilika ni vidole vya mgonjwa: mara ya kwanza alikuwa amefunga ngumi, mara ya pili alikuwa ameviachia.

Mwenyewe ameridhia kisa chake kiandikwe bila jina.

Alivyokuja

Ni kijana wa miaka 22, mrusha mkuki, anatumia mkono wa kulia, na amekuwa akirusha tangu akiwa na miaka 15. Kwa miezi mitatu kiwiko kilikuwa kikimuuma upande wa ndani siku moja au mbili baada ya mazoezi mazito, kisha kinatulia. Hakumwambia mtu. Warushaji wengi hawasemi; maumivu ya namna hiyo wanayahesabu kuwa sehemu ya kazi.

Siku yenyewe alikuwa ameshapasha misuli vizuri na kurusha mara tatu kwa hatua chache. Mrusho wa nne ndio ulikuwa wa kwanza kwa mbio kamili. Mwili ulipokwisha kutangulia na mkono umebaki nyuma, alisikia kitu kinalia "pa!" ndani ya kiwiko. Mkuki ukatoka umepinda, ukaanguka kiubavu. Kocha aliyekuwa amesimama mita chache alisema yeye hakusikia mlio wowote, ila aliona kijana ameukumbatia mkono.

Usiku ule kidole cha pete na kidole kidogo vikaingia ganzi. Ganzi ikaisha baada ya siku mbili. Kiwiko hakikuvimba sana. Alipumzika, akajaribu kurusha mpira mwepesi siku ya tisa, maumivu yakarudi, na siku ya 11 akaja kwangu akiwa na kocha wake.

Nilipomshika, maumivu yalikuwa sehemu mbili. Moja ilikuwa juu ya mnofu wa misuli inayoanzia kwenye nundu ya ndani ya kiwiko, ile misuli ya kukunja kiganja na vidole. Nyingine ilikuwa chini kidogo ya nundu hiyo, ndani zaidi, kuelekea ukingo wa ulna, mfupa wa mkono wa chini ulio upande wa kidole kidogo, pale ligamenti inapojishikiza. Mkono haukunyooka wote. Ulibakiza digrii 5 hivi. Nilipoukunja kiwiko mpaka mwisho, nikakisukuma kifunguke upande wa ndani huku nikikinyoosha haraka, alishtuka kati ya digrii 110 na 80, na alisema hapo ndipo penyewe. Kipimo hicho cha mikono kina maana yake. Maumivu yanayotokea katikati ya safari, si mwanzoni wala mwishoni, huelekeza kidole kwenye ligamenti. Lakini pia aliumia nilipomwambia akunje kiganja huku nikimzuia, na hiyo huelekeza kwenye misuli. Mimi nikavutwa na ya pili.

Eksirei haikuonyesha mfupa uliovunjika. Kulikuwa na kijimwiba kidogo cha mfupa nyuma ya kiwiko upande wa ndani, jambo la kawaida kwa mtu aliyerusha miaka saba.

Kamba moja na mzigo wake

Ligamenti ya ndani ya kiwiko ina mikanda mitatu, ila kwa mrushaji mwenye kazi ni mmoja, mkanda wa mbele. Unaanzia chini ya nundu ya ndani ya mfupa wa mkono wa juu na kushuka hadi kwenye kijikilima kidogo cha mfupa wa ulna. Ni mfupi, kama urefu wa kifundo kimoja cha kidole. Ndio unaozuia kiwiko kisifunguke upande wa ndani pale mkono unapobaki nyuma na mwili unapochomoka mbele.

Mzigo wenyewe ni mkubwa kuliko uwezo wa kamba. Kwa warushaji wa besiboli, ambao ndio waliopimwa zaidi, nguvu inayotaka kukifungua kiwiko katika mrusho mmoja imekadiriwa kufika newton-mita 64 hivi. Ligamenti zilizotolewa kwenye maiti na kuvutwa maabara hukatika karibu na newton-mita 33. Kwa hesabu hiyo, kila mrusho wa nguvu ungepaswa kuikata. Haikatiki kwa sababu haifanyi kazi peke yake: mifupa inashikana, na misuli ya kukunja kiganja, ile iliyolala juu yake kabisa, inakaza na kubeba sehemu ya mzigo. Msomaji aishike hoja hiyo ya misuli, maana ndiyo iliyonipotosha.

Kwa kuwa upasuaji wake umejulikana kwa jina la mchezaji wa besiboli, wengi hudhani jeraha hili ni la mchezo huo. Kumbe mwaka 1946 daktari mmoja wa Finland, Waris, alikuwa ameshaandika kuhusu viwiko vya warusha mkuki. Ni jeraha letu sisi wa riadha tangu zamani.

Picha ya kwanza

Nilitumia kichwa cha kupimia kilichonyooka, cha megahezi 15. Ligamenti imelala karibu na ngozi, sentimita moja au mbili tu, kwa hiyo masafa ya juu yanafaa: hayafiki mbali lakini yanaonyesha nyuzi mojamoja. Ligamenti nzima huonekana kama utepe mweupe wenye mistari, umetandikwa juu ya mfupa, mpana kwenye nundu na mwembamba kuelekea ulna.

Ya kwake ilikuwa nene: milimita 6.1 kulia, 4.5 kushoto. Hapo sikushtuka, na hata leo singeshtuka. Mkono unaorusha hujenga ligamenti nene kama vile kiganja cha mkulima kinavyojenga sugu. Uchunguzi mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 ulipima warushaji 368 wa besiboli ya kulipwa katika kipindi cha miaka 10, na mkono wa kurushia ulikuwa na ligamenti nene zaidi, yenye madoa meusi na chembe za chokaa mara nyingi zaidi, na kiungo kilichofunguka zaidi kidogo, kuliko mkono wa pili. Hawa walikuwa watu wanaocheza. Anayesoma picha ya mrushaji kwa macho aliyozoea kusomea picha za watu wengine atawapeleka wazima chumba cha upasuaji.

Kwenye ncha ya chini, pale ligamenti inapoushika mfupa wa ulna, niliona doa jeusi. Hapa kuna mtego anaoujua kila mpimaji. Sauti inayopiga nyuzi kwa pembe mraba hurudi, na nyuzi huonekana nyeupe. Ikipiga kwa mshazari hutawanyika, na nyuzi nzima kabisa huonekana nyeusi kana kwamba imechanika. Ncha ya chini ya ligamenti hii inajipinda kuufuata mfupa, kwa hiyo doa la uongo ni jambo la kila siku. Dawa yake ni kuinamisha kichwa cha kupimia kidogokidogo. Doa likipotea, lilikuwa kivuli cha pembe. Nikainamisha, na doa likapungua. Halikupotea, lilipungua. Nikajiambia ni pembe.

Misuli iliyo juu yake ilikuwa na eneo lililovimba, nyuzi zimetengana kidogo na maji katikati yake. Huo ulikuwa ushahidi wa wazi, na jicho likipata ushahidi wa wazi hulegea.

Kisha nikapima pengo. Picha iliyotulia haitoshi kwa ligamenti, kwa sababu kazi ya ligamenti ni kuzuia, na kuzuia huonekana tu pale kitu kinaposukumwa. Unaweka kiwiko kwenye digrii 30 hivi, maana kikinyooka kabisa ncha ya mfupa wa nyuma hujifunga kwenye kishimo chake na kukishikilia kiungo hata kama ligamenti haipo. Unapima umbali kati ya mfupa wa juu na wa chini kikiwa kimetulia, unakisukuma kifunguke upande wa ndani, unapima tena. Halafu unafanya vivyo hivyo mkono wa pili. Namba ya mkono mmoja pekee haina thamani kubwa. Watu wameumbwa na viungo vinavyotofautiana. Swali ni huu mkono unafunguka kiasi gani kuupita ule.

Kulia: milimita 3.4 kikiwa kimetulia, 4.3 nilipokisukuma. Kimefunguka 0.9.

Kushoto: 3.0, kisha 3.5. Kimefunguka 0.5.

Tofauti ya mikono miwili ni milimita 0.4. Wengi wetu huanza kushuku ligamenti tofauti hiyo ikifika milimita 1, na 0.4 ni ndogo kiasi kwamba mkono wa mpimaji wenyewe unaweza kuizalisha. Nikaandika ile ripoti. Kocha alifurahi waziwazi, akauliza wiki tatu zinatosha. Nikasema tuone, lakini nilisema kwa sauti ya mtu anayekubali.

Neva ya ulna, ile iliyompa ganzi, niliifuata pia. Ilikuwa imenenepa kidogo nyuma ya nundu, na alipokunja kiwiko ilipanda mpaka kileleni mwa nundu na kurudi. Mkono wa kushoto nao neva yake ilipanda vilevile, na hakuwahi kupata ganzi huko. Watu wazima wengi wana neva inayotembea hivyo, kwa hiyo sikuipa uzito.

Simu ya mtaalamu wa fiziotherapia

Wiki mbili baadaye alinipigia dada anayemfanyisha mazoezi. Alisema, "Dokta, misuli yake imepona. Anakunja kiganja na uzito bila maumivu, namkandamiza mnofu haumi. Lakini nikimfungua kiwiko anaruka. Na ananiambia anasikia kama mlango usiofunga vizuri."

Namshukuru kwa mambo mawili. Aliamini alichokishika mkononi kuliko nilichokiandika, na alinukuu maneno ya mgonjwa bila kuyapamba.

Kabla kijana hajarudi niliifungua upya video ya kipimo cha kwanza. Huwa nahifadhi video, si picha peke yake, na huu ndio ushauri pekee wa ofisini nitakaoutoa hapa. Niliitazama mara tatu nikiangalia pengo, kama kawaida, na sikuona kipya. Mara ya nne niliacha kuangalia pengo nikaangalia sehemu ya juu ya skrini, kwenye misuli. Sekunde ileile nilipoanza kusukuma, mnofu uliinuka. Ulinenepa kama mtu anayevuta pumzi, ukabaki hivyo mpaka nilipoachia, kisha ukashuka. Nikakumbuka mkono wake ulivyokuwa juu ya kitanda: kidole gumba ndani, vidole vinne vimekifunika. Ngumi. Alikuwa anaogopa maumivu, akajikaza, nami nilidhani ni tabia ya mgonjwa tu.

Mtu akifunga ngumi anakaza misuli ileile inayokilinda kiwiko wakati wa kurusha, na pengo la ndani hupungua. Hilo limepimwa kwa altrasaundi, tena kwa watu wasio na jeraha lolote. Sikuwa nimepima ligamenti. Nilikuwa nimepima ligamenti pamoja na mlinzi wake, na mlinzi alikuwa macho.

Picha ya pili

Safari hii nilianza na maneno. Nilimwambia, "Mdogo wangu, leo sitakusukuma kwa mkono. Mkono utaning'inia wenyewe. Ukiumia sema, tutasimama. Ila vidole viwe vimelala kama vya mtu aliyesinzia."

Alilala chali, bega limefunguliwa pembeni digrii 90 na kuzungushwa nje, kiwiko nje ya ukingo wa kitanda kwa digrii 30 nilizozipima kwa kipimapembe badala ya kukisia. Kwenye kifundo cha mkono nikamfunga kifuko cha mchanga cha kilo 2.5. Kuna vifaa maalumu vinavyosukuma kwa nguvu inayojulikana, newton 150, na ndivyo vilivyotumika kwenye tafiti nyingi, mimi sina. Mchanga na uzito wa mkono wenyewe hutoa nguvu ndogo zaidi, lakini ni ileile kulia na kushoto, haitegemei kama nimechoka, na mgonjwa haoni mtu anayemjia.

Vidole vilichukua muda. Kila nilipokiachia kifuko, vilijikunja vyenyewe kabla hata hajajua. Nikampa kazi ya kuhesabu kurudi nyuma kutoka 100 kwa kutoa saba saba. Alipofika 72 alikosea, akacheka, na mnofu kwenye skrini ukashuka ukawa tambarare.

Ndipo pengo likafunguka. Nimeona mengi, lakini hili lilifunguka polepole kiasi cha kulifuata kwa macho: mifupa miwili iliyokuwa imekaribiana ikaachana, na katikati yake weusi wa maji ukaongezeka. Utepe wa ligamenti, ambao ulipaswa kukakamaa na kunyooka kama kamba ya nguo iliyotundikwa, ulibaki umelegea. Kwenye ncha ya chini, pale kwenye doa nililoliita pembe, maji yalipita chini ya ligamenti na kuteleza juu ya mfupa, milimita tatu hivi, kisha yakarudi nilipokiinua kifuko. Doa la pembe halinywi maji.

Nilipima mara tatu kila upande na kuchukua wastani. Kulia: 3.6 kikiwa kimetulia, 6.3 kikining'inia. Kushoto: 3.1, kisha 4.0. Kulia kimefunguka 2.7, kushoto 0.9. Tofauti, milimita 1.8.

Kisha nikafanya jambo ambalo halikuwa la lazima. Kifuko kikiwa bado kinaning'inia, nikamwambia afunge ngumi. Pengo likashuka hadi 4.5 mbele ya macho yetu wawili. "Fungua." Likarudi. "Funga." Likapungua. Aliomba arudie mwenyewe huku anatazama skrini, na nilimwacha, kwa sababu sijawahi kumwona mgonjwa akielewa jeraha lake haraka namna ile.

Kuhusu kubonyeza: kichwa cha kupimia kikibonyezwa sana nacho hufinya maji yaondoke na kufanya ncha iliyochanika ionekane imeshika. Jeli iwe nyingi, mkono mwepesi. Sidhani hilo lilichangia kosa la mara ya kwanza, lakini siwezi kuapa.

Ripoti ya pili ilisema: ligamenti imechanika nusu, tabaka la ndani, kwenye ncha ya ulna, na kiungo kimelegea. Nilimpigia kocha mwenyewe kumwambia kwamba ile ya kwanza haikuwa sahihi na kwa nini. Alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo zile wiki mbili alizokaa anakunja vyuma zimemharibu?" Hazikumharibu, kwa kadiri ninavyoweza kujua, hakurusha. Lakini lilikuwa swali la haki.

MRI, na ilichoongeza

Daktari wa mifupa aliomba MRI, picha inayochukuliwa kwa sumaku, yenye dawa ya kuonyesha picha ndani ya kiungo, na hakukosea kuiomba. Altrasaundi haioni ndani ya mfupa, wala haioni vizuri gegedu, na kabla ya kuamua kuhusu kisu ni lazima kujua kama kuna kipande kinachoelea au ufa wa uchovu kwenye mfupa. Hakukuwa na vyote viwili. Dawa ilikuwa imepenya chini ya ncha ya ligamenti juu ya ukingo wa ulna, ikichora umbo kama la herufi T iliyolala, alama inayojulikana ya mchaniko wa nusu wa tabaka la ndani. Mahali palepale maji yalipokuwa yakipita kwenye skrini yangu.

Huwa nasikia mabishano ya kipi bora. Kwa kisa hiki MRI ilisema pamechanika wapi na nini kingine hakijaharibika. Altrasaundi ilisema mchaniko huo unakifanya kiwiko kifunguke kiasi gani. Ligamenti iliyochanika nusu ambayo bado inazuia, na ligamenti iliyochanika nusu ambayo imeshaacha kuzuia, zinaweza kufanana sana kwenye picha iliyotulia, na njia zao za tiba hazifanani.

Kisu au subira

Mchaniko ulikuwa wa nusu, ndiyo, na michaniko ya nusu mingi hupona bila upasuaji. Lakini ulikuwa kwenye ncha ya chini, na michaniko ya chini huwa sugu kwa tiba ya mazoezi kuliko ya juu upande wa nundu. Daktari wa mifupa alimweleza yote hayo. Kijana alichagua kujaribu wiki 12: sita bila kurusha kitu chochote, kuimarisha misuli ya kiganja, bega na nyonga, kisha kurudi hatua kwa hatua. Aliuliza kuhusu sindano ya damu yake mwenyewe iliyochujwa ibaki na chembe sahani nyingi, zile zinazogandisha damu. Nilimwambia kweli: matokeo ya tafiti yanapingana, na kwa mchaniko wa mahali hapo singemshauri atumie akiba yake. Hakuchoma.

Wiki ya 12 nilimpima tena, na picha iliyotulia ilinidanganya kwa mara ya pili, ila safari hii nilikuwa nimejiandaa. Ilikuwa nzuri. Maji yameondoka, doa limejaa, nyuzi zinaonekana kushika mfupa. Mtu yeyote angeandika "inapona vizuri." Nilipofunga kifuko na vidole vikalala, tofauti ilikuwa milimita 1.5. Kovu lilikuwa limejaza shimo bila kubeba mzigo. Wiki iliyofuata alirusha kwa asilimia 70 ya nguvu zake na maumivu yakarudi mrusho wa sita.

Akakubali upasuaji. Ni ule ulioanzishwa na Frank Jobe mwaka 1974 kwa mrushaji wa Los Angeles Dodgers, Tommy John, ambaye alirudi uwanjani mwaka 1976 na kuendelea mpaka 1989: kano nyingine ya mgonjwa mwenyewe, yaani kamba inayofunga msuli kwenye mfupa, inapitishwa kwenye matundu yaliyotobolewa kwenye mifupa miwili, ikae mahali pa ligamenti. Kano inayopendwa ni ile nyembamba inayopita katikati ya kifundo cha mkono upande wa kiganja. Baadhi ya watu hawakuzaliwa nayo. Unaigusanisha ncha ya kidole gumba na kidole kidogo, unakunja kiganja kidogo, na ikiwepo inachomoza chini ya ngozi. Yake haikuchomoza vizuri, kwa hiyo niliitafuta kwa altrasaundi: ipo kulia, nyembamba mno, kushoto ipo, nene ya kutosha. Daktari akachukua ya kushoto. Dakika tano za kazi, na zilimwepusha na chale ya bure.

Ndani ya chumba cha upasuaji walikuta tabaka la ndani limenyanyuka kutoka mfupani, na tabaka la juu limebaki likiwa limejaa kovu. Kutokana na kovu hilo hawakuishona ligamenti ya zamani ijitegemee. Waliiweka kano mpya na kuizungushia ile ya zamani.

Alipo sasa

Kurudi kwenye ushindani baada ya upasuaji huu huchukua miezi 12 hadi 18, na takwimu nyingi ni za besiboli. Mkuki una uzito wa gramu 800, mpira wa besiboli gramu 145 hivi, na mrusha mkuki hufika kwenye mrusho akiwa anakimbia. Kwa hiyo kalenda ya besiboli tumeichukua kama makadirio tu.

Amefika mwezi wa tisa. Anarusha mipira ya mpira, mkuki bado. Kocha amembadilisha kitu kimoja: mkono ulikuwa ukizunguka pembeni, kiwiko chini ya bega, na mrusho wa namna hiyo unaupeleka mzigo wote ndani ya kiwiko. Sasa kiwiko kinatangulia juu. Analalamika kwamba anajisikia kama anayejifunza upya.

Wiki iliyopita nilimpima. Kano mpya ni nene na ina rangi ya kijivu kuliko ligamenti ya asili, kama ilivyo kawaida katika mwaka wa kwanza, na vishimo vya mifupa vimejaa. Alipanda kitandani, akafungua bega, akashusha kiwiko nje ya ukingo, na kabla sijachukua jeli alikuwa ameshatandaza vidole vyote vitano hewani. Tofauti ya kulia na kushoto ilikuwa milimita 0.3. Nikamwomba afunge ngumi nione kama kuna badiliko lolote. Akafunga, tukatazama wote wawili, na halikuwepo.